Little Bow, Alberta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia ya uchaguzi wa jimbo hili, 1913–2019

Katika ukurasa huu Alberta tunaiita mkoa na Little Bow tunaiita jimbo, yaani eneo linalochagua mbunge mmoja wa bunge la mkoa mjini Edmonton. Bunge la shirikisho la Ottawa lina majimbo yake mengine kabisa, yenye mipaka mingine.

Little Bow ni wapi, na watu wake wanaishi kwa nini?

Ni kusini mwa Alberta, kati ya Calgary na Lethbridge. Jina limetokana na mto Little Bow, unaomwaga maji yake katika mto Oldman. Kitovu cha sehemu ya kaskazini ni mji wa Vulcan. Ukishuka kusini unakutana na Champion na Carmangay, na upande wa mashariki kuna Lomond na Enchant. Ni nchi ya ngano. Vulcan ilijulikana kwa maghala tisa marefu ya nafaka yaliyosimama kwa mstari mmoja kando ya reli. Kusini zaidi, karibu na Lethbridge, kuna mifereji ya umwagiliaji na mazizi makubwa ya kunenepesha ng'ombe.

Ukame, bei ya ngano, nauli ya reli na haki juu ya ardhi vimeamua kura za hapa mara nyingi kuliko hotuba za jukwaani. Asiyeyatazama hayo ataona mabadiliko ya vyama kama bahati nasibu.

Jimbo lilidumu miaka mingapi na lilikuwa na wabunge wangapi?

Lilipiga kura mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa 17 Aprili 1913, bunge la Alberta lilipoongezwa hadi viti 56, na mara ya mwisho tarehe 5 Mei 2015. Katika chaguzi kuu 27 na uchaguzi mdogo wa 1992, lilikuwa na wabunge saba tu:

- James McNaughton, Liberal, 1913–1921
- Oran McPherson, United Farmers of Alberta (UFA), 1921–1935
- Peter Dawson, Social Credit, 1935–1963
- Raymond Speaker, 1963–1992, kwa tiketi na vyeo mbalimbali (tazama chini)
- Barry McFarland, Progressive Conservative (PC), 1992–2012
- Ian Donovan, Wildrose, kisha PC, 2012–2015
- David Schneider, Wildrose, kisha United Conservative (UCP), 2015–2019

Dawson na Speaker peke yao walishika kiti hiki kwa takribani miaka 57. Little Bow ilikaa na mtu wake muda mrefu, na ilipoamua kugeuka iligeuka pamoja na vijiji vyote vinavyoizunguka.

Kuna mkanganyiko wa majina: nani hasa alikuwa Spika wa bunge?

McPherson, kuanzia 1922 hadi 1926, na Dawson, kuanzia 1937 hadi alipofariki Machi 1963. Raymond Speaker hakuwahi kuwa Spika. Hilo ni jina la ukoo wake.

Kwa nini wakulima waliwaangusha Liberal mwaka 1921?

Liberal walikuwa wametawala tangu Alberta ipewe hadhi ya mkoa mwaka 1905, na kwa muda mrefu walielewana na wakulima. Jumuiya ya UFA, iliyoundwa 1909, ilikuwa chombo cha kuwasemea wakulima, haikuwa chama cha kugombea. Rais wake, Henry Wise Wood, mwenyewe alikuwa na wasiwasi na siasa za vyama. Wanachama ndio waliosukuma. Mwaka 1919 UFA ilisimamisha mgombea katika uchaguzi mdogo wa Cochrane na ikashinda. Baadaye bei ya ngano ikaporomoka huku ukame ukiunguza kusini mwa mkoa. Tarehe 18 Julai 1921 UFA ikazoa viti 38 kati ya 61.

Nguvu yao ilikuwa katika mashina. Kila shina lilipeleka wajumbe kwenye mkutano wa jimbo, na mkutano huo ndio uliomteua mgombea. Mgombea aliwajibika kwa wajumbe wake kabla ya kuwajibika kwa kiongozi yeyote, na kwa hakika UFA iliingia uchaguzini bila kiongozi wa kumfanya waziri mkuu. Wood alikataa cheo hicho, akapewa Herbert Greenfield baada ya ushindi. Kwa jimbo la wakulima waliojuana kwa majina, utaratibu huu ulifaa sana. McPherson akashinda, akapewa uspika, na baada ya uchaguzi wa 1926 akawa waziri wa ujenzi hadi 1935.

Wanawake walishiriki katika mabadiliko haya wakiwa na haki kamili ya kura. Alberta iliwapa haki hiyo 1916, na mwaka uliofuata jimbo jirani la Claresholm likamchagua Louise McKinney, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuingia bungeni Alberta.

Social Credit iliingiaje mwaka 1935?

Kwa njaa, madeni na redio. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka na vumbi lilikuwa limefunika mashamba ya kusini. Benki zilidai fedha ambazo mkulima hakuwa nazo. William Aberhart, mwalimu na mhubiri wa Calgary, alikuwa na kipindi cha redio kilichosikika mpaka nyumba za mashambani zilizo mbali na barabara. Aliahidi gawio la dola 25 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Wakati huohuo serikali ya UFA ilikuwa imechafuliwa na kashfa ya waziri mkuu John Brownlee, aliyejiuzulu 1934.

Tarehe 22 Agosti 1935 Social Credit ilipata viti 56 kati ya 63. UFA haikubakiza hata kiti kimoja. Ndipo McPherson, waziri, alipoangushwa Little Bow na Dawson, mchungaji.

Namna ya kuwapata wagombea nayo ilibadilika. Mkutano wa jimbo wa Social Credit ulipendekeza majina matatu au manne, kisha Aberhart na kamati yake wakachagua mmoja. Mpiga kura aliyezoea mashina ya UFA alikuwa amemkabidhi kiongozi mamlaka ambayo kabla yake yalikuwa ya wajumbe. Kwa maoni yetu hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko jina la chama, na wanaosimulia 1935 kwa kutaja gawio pekee hulipita.

Gawio halikulipwa kamwe kama lilivyoahidiwa. Mwaka 1937 wabunge wasio mawaziri walimwasi Aberhart, na sheria zake za fedha na benki zilibatilishwa na serikali ya shirikisho na mahakama. Dawson ndiye aliyekalia kiti cha Spika katika misukosuko hiyo.

Ni kweli wapiga kura waliwahi kutaka kumwondoa Aberhart kwa saini?

Ndiyo, ila si Little Bow. Ni jimbo la Okotoks-High River, upande wa kaskazini-magharibi. Aberhart hakugombea uchaguzi mkuu wa 1935. Mbunge wa huko alijiuzulu ili kumpisha. Serikali yake ikapitisha mwaka 1936 sheria ya kumwondoa mbunge endapo theluthi mbili ya wapiga kura wa jimbo wangetia saini. Mwaka 1937 wapiga kura wa jimbo lake walianza kukusanya saini, na serikali ikaifuta sheria hiyo kana kwamba haikuwahi kuwapo. Sheria nyingine ya aina hiyo ilianza kutumika Alberta mwaka 2022.

Kura zilihesabiwaje? Mbona matokeo ya miaka ya 1926–1955 yana safu mbili za namba?

Swali hili ndilo linalowakwamisha wengi, kwa hiyo tulieleze polepole.

Sheria ya 1924 ilibadili utaratibu wa kura, na ulitumika kuanzia uchaguzi mkuu wa 1926 hadi ule wa 1955. Katika majimbo ya mashambani mpiga kura aliandika namba mbele ya majina: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Ili ashinde, mgombea alihitaji zaidi ya nusu ya kura. Pasipokuwa na aliyefikisha, aliyeshika mkia aliondolewa na karatasi zake zikagawiwa kwa kufuata namba 2. Edmonton na Calgary zilikuwa na utaratibu tofauti, wa kuchagua wabunge kadhaa kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kura halali ni 2,000. A ana 900, B 700, C 400. Zaidi ya nusu ni 1,001, na hakuna aliyefika. C anaondolewa. Katika karatasi zake 400, 250 zinakwenda kwa B, 60 kwa A, na 90 hazina namba 2, kwa hiyo zinawekwa kando. Sasa A ana 960 na B 950. Kura zilizobaki mezani ni 1,910, nusu yake ni 955, na A ameshinda kwa tofauti ya 10.

Mambo matatu huharibika mtu anaposoma majedwali ya kipindi hiki:

Kwanza, anachukua hesabu ya mwisho kana kwamba ndiyo kura ya chama. Nguvu ya chama isome katika hesabu ya kwanza. Hesabu ya mwisho ni ya kujua mshindi tu.

Pili, anashangaa jumla zikipungua kati ya hesabu ya kwanza na ya mwisho, akadhani kura zimeibwa. Zile 90 za mfano wetu ndizo zilizopungua.

Tatu, anasahau kwamba mshindi aliyevuka nusu hapo hapo hakuhitaji hesabu ya pili. Safu moja katika mwaka wa 1930 au 1948 haina maana kwamba sheria ilibadilika mwaka huo.

Utaratibu huo uliondolewa kwa nini?

Serikali ya Social Credit, chini ya Ernest Manning, iliufuta 1956. Sababu iliyotolewa ni kwamba kura nyingi mno zilikuwa zikiharibika. Wapinzani walikuwa na maelezo yao, nasi tunaona yana uzito. Mwaka 1955 Social Credit ilikuwa imeshuka hadi viti 37 kati ya 61, na wapiga kura wa vyama vya upinzani walikuwa wakipeana namba 2. Mwaka 1959, chini ya utaratibu wa anayeongoza ndiye mshindi hata bila kufika nusu, Social Credit ilipata viti 61 kati ya 65. Usiweke matokeo ya 1955 na 1959 ya Little Bow kwenye mstari mmoja bila kuandika pembeni kwamba sheria ya kuhesabu ilikuwa imebadilika.

Umri na haki ya kupiga kura vilibadilika lini?

Umri ulishushwa hadi miaka 19 mwaka 1944, na 18 kuanzia uchaguzi wa 1971. Watu wa Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili, waliokuwa chini ya mikataba walinyimwa kura ya mkoa hadi 1965. Hilo si jambo dogo katika eneo linalopakana na mataifa ya Siksika na Kainai. Karibu nusu ya historia ya jimbo hili iliandikwa wakati majirani hao wamefungiwa nje.

Kura ya umeme ya 1948 ilikuwa nini?

Siku ya uchaguzi mkuu, 17 Agosti 1948, wapiga kura wa mkoa mzima waliulizwa kama umeme uendeshwe na serikali au ubaki mikononi mwa kampuni. Upande wa kampuni ulishinda kwa kura 151 tu katika takribani 280,000. Baada ya hapo wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika vya umeme vijijini ili kugharimia nyaya za kufika mashambani mwao. Unapotazama karatasi za 1948, angalia unasoma hesabu ipi: ya mbunge au ya umeme.

Raymond Speaker alibadili vyama mara ngapi, na mbona hakuangushwa?

Alizaliwa Enchant, ndani ya eneo hili, mwaka 1935, na alichaguliwa kwanza tarehe 17 Juni 1963 kwa tiketi ya Social Credit. Alikuwa waziri kabla ya chama hicho kuangushwa na PC ya Peter Lougheed mwaka 1971. Social Credit ilipata viti 25 mwaka huo, na ikabaki na vinne 1975 na vinne 1979. Little Bow ilikuwa kati ya vile vinne mara zote mbili, wakati karibu mkoa wote umehamia PC.

Mwaka 1982 aliona chama kimekwisha. Yeye na mwenzake Walt Buck waligombea kama wagombea binafsi, na wote wawili walishinda. NDP (New Democratic Party), chama cha mrengo wa kushoto, nayo ilikuwa na wabunge wawili, ukazuka ubishi kuhusu nani awe Kambi Rasmi ya Upinzani. Spika aliipa NDP. Hapo Speaker akaanzisha chama, Representative Party, kilichopata viti viwili mwaka 1986: chake na cha Buck. Mwaka 1989 alihamia PC, akashinda tena na kuwa waziri wa serikali za mitaa. Mwaka 1992 aliacha kiti ili kuingia siasa za shirikisho, na 1993 alichaguliwa mbunge wa Lethbridge huko Ottawa kwa tiketi ya chama cha Reform.

Hizo ni sura nne katika jimbo moja: Social Credit, mgombea binafsi, Representative na PC. Hakuangushwa kwa sababu hakuruka wakati wa mafanikio ya chama chake ili kufuata cheo. Mwaka 1982 aliondoka kwenye chombo kilichokuwa kinazama, na watu wake walikuwa wameshamjua kwa miaka 19 kabla hajasimama peke yake. Kwa hesabu za vyama, 1982 inaonekana kama Social Credit kupoteza Little Bow. Kwa mkulima wa Lomond, mbunge alikuwa yuleyule.

Kwa hiyo ukitengeneza jedwali, weka safu mbili: chama alichochaguliwa nacho, na chama alichokuwa nacho siku bunge linavunjwa. Bila hivyo utakosea kwa Speaker, kwa Donovan na kwa Schneider.

Wildrose ilishindaje 2012 baada ya miaka 20 ya McFarland?

McFarland alipata kiti katika uchaguzi mdogo wa Machi 1992 akakishika hadi 2012. Kilichoichosha PC vijijini ni sheria tatu za 2009: ya kutenga ardhi kwa miradi mikubwa, ya mipango ya matumizi ya ardhi, na ya umeme, iliyoiruhusu serikali kuidhinisha njia kubwa za nyaya bila kwanza kusikilizwa kama zinahitajika. Wamiliki wa mashamba walijaza kumbi za mikutano kupinga. Wildrose ilishika hoja hiyo kwa nguvu. Tarehe 23 Aprili 2012 ilipata viti 17, vingi vikiwa vya mashambani kusini, na Donovan akachukua Little Bow.

Novemba 2014 Donovan na mbunge mwenzake mmoja wakahamia PC. Desemba wakafuata wengine tisa, akiwemo kiongozi wa Wildrose, Danielle Smith. Wengi vijijini waliona kura yao imebebwa na kupelekwa palepale ilipokuwa imetolewa. Uchaguzi wa 5 Mei 2015 ulirudisha Little Bow kwa Wildrose kupitia Schneider, usiku uleule NDP ilipotwaa mkoa kwa viti 54 kati ya 87. Mwezi Julai 2017 wanachama wa Wildrose na PC walipiga kura ya kuungana, na Schneider akamalizia muda wake ndani ya UCP.

Kwa nini jimbo lilifutwa?

Kwa sababu ya hesabu ya watu. Tume ya mipaka ya 2016–2017, iliyoongozwa na jaji Myra Bielby, ilikuwa na viti 87 vya kugawa, yaani wastani wa takribani watu 46,700 kwa kiti. Sheria inaruhusu tofauti ya hadi asilimia 25 juu au chini, na majimbo machache tu ya mbali huruhusiwa kupungua zaidi. Miji ilikuwa imekua haraka, hivyo tume ikapunguza viti vitatu vya mashambani. Hoja ya usawa wa kura ni ya haki. Gharama yake ni kwamba mbunge wa eneo hili sasa anaendesha gari mbali zaidi kuwafikia watu walewale, na halmashauri nyingi zaidi zinagombania muda wake.

Sehemu kubwa ilikwenda Cardston-Siksika, ikiwemo Vulcan, na nyingine Taber-Warner, ikiwemo Coaldale.

Naishi eneo hilo sasa. Nani anaruhusiwa kupiga kura ya mkoa?

Raia wa Kanada mwenye miaka 18 au zaidi anayeishi Alberta. Ukaazi wa kudumu hautoshi, na hili huwapata wageni wengi, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi katika kiwanda cha nyama mjini Brooks, jirani na eneo hili. Mpaka uapishwe uraia, huna kura. Ofisi inayosimamia ni Elections Alberta. Tafuta jimbo lako kwa anwani ya makazi, si kwa jina la mji wa posta, kwani sanduku la posta la mkulima linaweza kuwa jimbo lingine. Mwishoni mwa 2024 bunge lilipitisha sheria ya kuongeza viti hadi 89, kwa hiyo usitegemee ramani ya 2019.

Nawezaje kulinganisha matokeo ya 2015 na ya 2019?

Usilinganishe Little Bow na Cardston-Siksika moja kwa moja. Chukua matokeo ya 2015 ya kila kituo, kwa majimbo yote yaliyochangia eneo jipya. Weka ramani ya vituo juu ya mipaka ya 2019. Kituo kilichoangukia ndani kizima, kihesabu chote. Kilichokatwa na mpaka, kigawe kwa idadi ya wapiga kura walioandikishwa kila upande.

Tatizo ni kura za mapema na kura maalumu, ambazo ziliandikwa kwa jimbo zima bila kuonyesha kituo. Zigawe kwa uwiano uleule wa kura za siku ya uchaguzi, na uandike kwamba umefanya hivyo. Kisha jumlisha Wildrose na PC za 2015 kabla ya kuzilinganisha na UCP, ukikumbuka kuwa si kila aliyepiga kura PC alikubali muungano. Ukipata tofauti ya asilimia moja au mbili baada ya hesabu hizo, usiitolee hitimisho. Ni ndogo kuliko makosa ya ugawaji wenyewe.